Kijana Anayesoma Katika Nchi ya Ugeni

Siku kijana anapoondoka kijijini kwenda kusoma katika nchi nyingine, watu huamka kabla ya jogoo. Mama amekwisha kufunga unga wa mihogo na samaki wakavu katika kapu. Baba anahesabu mara ya tatu zile fedha zilizopatikana kwa kuuza mbuzi. Mjomba, ambaye hakuulizwa, anatoa mashauri mengi. Wadogo wanagombania nani atachukua sanduku mpaka kwenye mashua. Kisha mashua inasukumwa majini, au gari linaondoka kwa vumbi, na watu wanarudi nyumbani wakinyamaza.

Kutoka Kongo vijana, wavulana kwa wasichana, wanakwenda kusoma Bujumbura, Kampala na Dar es Salaam. Wengine wanavuka bahari mpaka Ubelgiji na Ufaransa. Jambo hilo si baya. Akili ni kipaji cha Mungu, na kipaji hakikutolewa kizikwe ardhini. Lakini wazazi, wanapomsindikiza mtoto wao, huuliza swali moja tu: Je, atafaulu? Mara chache huuliza lile la pili: Je, atakuwa mtu wa namna gani mahali pale ambapo hakuna anayemjua? Somo hili lahusu swali la pili.

Kijijini mtoto analindwa na macho mengi. Akivunja mhindi katika shamba la mwingine, bibi kizee aliyeketi mlangoni amemwona, na kabla ya jua kuchwa baba amekwisha kuambiwa. Akikosa mafundisho, katekista atauliza habari zake. Akipita njiani amelewa, shangazi atamwita kwa jina la baba yake, naye ataona haya. Watu wanasema: Kijana huyu ni mwema. Pengine ni mwema kweli. Pengine ni macho yale tu yanayomshika, kama fimbo inavyoushika mmea wa maharagwe. Hayo hayajulikani mpaka siku atakapofika katika mji ambako anapita barabarani na hapana mtu anayegeuza shingo.

Maandiko Matakatifu yana habari za wanafunzi wanne waliofikishwa katika mji wa namna hiyo. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alipoushinda Yerusalemu, aliamuru wachaguliwe vijana wa Israeli wenye akili na wasio na kilema, wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3, halafu wasimame kumtumikia. Miongoni mwao walikuwa Danieli, Anania, Misaeli na Azaria. Hawakwenda kwa kupenda, walikuwa mateka. Walipewa lugha mpya, walimu wapya, hata majina mapya, kwani Danieli aliitwa Belteshaza. Tena kila siku waliletewa sehemu ya chakula na divai ya mfalme mwenyewe.

Tazameni vema jinsi walivyofanya, maana wengi huisoma habari hii kwa haraka, wakikimbilia tanuru ya moto na tundu la simba. Lugha ngeni waliipokea. Majina waliyavumilia. Vitabu vya wageni walivisoma kwa bidii, wala hawakusema kwamba elimu ya wapagani haiwafai. Kitu kimoja walikikataa: chakula cha mfalme, kwa sababu kingewatia unajisi kadiri ya Sheria ya Mungu. Basi walijua kutenga. Mambo mengi ya ugenini ni mageni tu, si maovu. Machache ni maovu kweli. Mjinga hawezi kuyatenganisha. Ama anakataa yote na kukaa chumbani akinung'unika, ama anapokea yote na kumezwa.

Namna yao ya kukataa nayo ni fundisho. Danieli hakuipindua meza, wala hakuwatukana wapishi. Alimwendea mkuu aliyewasimamia, akamwomba kwa adabu. Mkuu yule aliwapenda, lakini aliogopa: mfalme akiwaona wamekonda kuliko wenzao, nani atakayekatwa kichwa? Danieli hakuidharau hofu ya mtu yule. Alimwendea mlinzi wao, akamwomba jambo dogo: awajaribu siku 10 kwa mboga na maji, kisha atazame nyuso zao na kukata shauri mwenyewe. Baada ya siku 10 nyuso zao zilikuwa njema kuliko za wale waliokula meza ya mfalme. Na baada ya miaka 3, mfalme alipowauliza, aliwaona wanapita mara 10 waganga na wachawi wote wa ufalme wake. Wasomaji wasifikiri kwamba mboga ziliwapa akili. Mungu aliwajalia maarifa, nao walisoma.

Kijana aliyesoma kwa Kifaransa akifika Kampala atakuta mwalimu anafundisha kwa Kiingereza. Mwezi wa kwanza haelewi, na wenzake wanacheka anapotamka neno. Hiyo ndiyo lugha ya Wakaldayo; aipokee, ajifunze maneno 10 kila jioni, asione haya kukaa benchi la mbele. Sheria ya bweni inasema taa zizimwe saa 4 ya usiku, mlango ufungwe, kila mmoja afagie kwa zamu. Hata hiyo aipokee. Mwana wa chifu akipewa ufagio, afagie. Sheria za nchi ile pia zinamfunga: hati yake ya kukaa ina siku ya mwisho, naye asingoje siku hiyo ipite ndipo atafute ofisi, kwa maana mgeni asiye na hati hana wa kumtetea njiani.

Lakini mwenzake akimletea maswali ya mtihani yaliyoibiwa, hiyo ni meza ya mfalme. Akiambiwa kwamba mganga fulani anauza hirizi ya kufaulisha, ni meza ya mfalme vilevile, na kwa mkatekumeni aliyekubali kumkataa Shetani ni jambo la aibu kubwa. Liko tena jambo zito zaidi, ambalo wazazi huogopa kulitaja. Mwalimu mwovu anaweza kumwambia msichana kwamba alama zake zitapatikana ikiwa atakuja chumbani kwake. Msichana na akatae, aondoke, asirudi peke yake, na siku ileile amwambie mkuu wa shule, au Masista, au Padri, au mama mwenye nyumba. Akikatwa alama kwa ajili hiyo, habari itakapofika kijijini, baba asianze kwa kuuliza: Ulivaa nini? Wazazi waliomlaumu binti yao badala ya mwovu wamewafundisha mabinti wengine kunyamaza.

Pengine mkatekumeni atasema: Danieli alikuwa nabii, mimi ni nani? Basi na asikie habari za mwanafunzi mwingine, Mwafrika, aliyekuwa mkatekumeni kama yeye.

Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, katika nchi ambayo sasa inaitwa Aljeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa. Baba yake, Patrisi, alikuwa bado mpagani. Tangu utoto Agostino alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, yaani alihesabiwa katika wakatekumeni, lakini Ubatizo uliahirishwa. Alikuwa na akili nyingi, wakampeleka kusoma Madaura, mji wa jirani. Alipokuwa na miaka 16 fedha zilikwisha, akarudi nyumbani kukaa bure mwaka mzima wakati baba yake, asiye tajiri, anajikaza kukusanya mali ya kumpeleka Kartago, mji mkubwa wa pwani. Mwaka ule wa uvivu ndio alioiba mapea usiku pamoja na wenzake. Hawakuwa na njaa, waliyatupia nguruwe.

Watu wote walimsifu Patrisi kwa sababu alijinyima kwa ajili ya masomo ya mwanawe kuliko wengi waliompita kwa mali. Ni kweli alistahili sifa. Lakini Agostino mwenyewe, alipokuwa askofu, aliandika kitabu cha maungamo yake, na humo anaeleza kwamba baba yake alijali awe msemaji hodari, wala hakujali awe safi wa moyo. Neno hilo linawachoma wazazi wengi. Baba anayepiga simu kila mwezi na kuuliza alama tu, na asiulize kamwe: Unasali? Unakaa na nani? Jumapili ulikuwa wapi? baba huyo amekwisha kumwambia mtoto kitu gani kina thamani na kitu gani hakina.

Agostino alifika Kartago akiwa na miaka 17 hivi. Kulikuwa na wanafunzi wakorofi waliojiita Wapinduzi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuwavamia wageni, kuwadhihaki na kuwatia hofu. Agostino hakuyapenda matendo yao; hata hivyo alitembea nao, maana aliona haya kutokuwa mmoja wao. Kila aliyeishi bweni anaijua aibu hiyo ya kupinduka, ya kuona haya kwa sababu ya kuwa mwema. Akakaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto. Akaingia katika dini ya Wamani, akadumu nayo miaka kama 9. Darasani alikuwa wa kwanza. Mwenye kutazama alama zake tu angesema kijana huyu anakwenda vizuri sana.

Mwaka 383 alitaka kuvuka bahari kwenda Roma. Monika alimfuata mpaka pwani, akamshika, asitake kumwachia. Agostino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki yake anayengoja upepo. Usiku, mama alipokuwa anasali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, mwana akapanda chombo akaenda zake. Asubuhi Monika alikuta bahari tupu. Huko Roma mwalimu Agostino aliyaonja ya wanafunzi: walihudhuria mafundisho yake, na siku ya kulipa ilipokaribia walihamia kwa mwalimu mwingine kwa pamoja. Aliyemdanganya mama alidanganywa na watoto wa wenyewe.

Mwaka uliofuata alikwenda Milano, akamsikia Askofu Ambrosi. Kwanza alikwenda kusikiliza ufundi wa maneno yake tu. Polepole maneno yenyewe yakamwingia. Monika alikuwa amevuka bahari kumfuata. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Agostino alibatizwa, pamoja na mwanawe Adeodato. Alikuwa na miaka 32. Mwaka uleule Monika alifariki katika bandari ya Ostia, kabla ya kurudi Afrika. Basi mkatekumeni asiseme: Agostino alipotea na bado akawa mtakatifu, nami nitapotea kidogo. Agostino mwenyewe hakuzihesabu siku zile kuwa faida. Tena si kila mpotevu ana Monika wa kumfuata kwa chombo baharini.

Yako mambo ya fedha na ya ukweli, ambayo yameziharibu nyumba nyingi kuliko pombe. Hutokea hivi. Kijana anaanguka mtihani wa mwaka wa kwanza. Anaona haya. Anaandika nyumbani kwamba yote ni mema, na fedha za mwaka wa pili zaletwa. Hakuna mwaka wa pili; shule haimjui tena. Analipa chumba, anakula, anangoja jambo fulani litokee. Baba anauza mbuzi wa mwisho, halafu kipande cha shamba. Mdogo wake wa kike anatolewa shuleni ili kaka amalize. Miaka inapita, na siku moja mtu wa kijiji anakwenda katika mji ule kwa biashara, anauliza shuleni, anaambiwa: Huyo aliondoka zamani. Kosa la kwanza lilikuwa mtihani tu. Lile la pili limemnyang'anya mtoto mwingine shule yake.

Kuanguka mtihani si dhambi, ikiwa mtu alijitahidi. Kuwalisha wazazi uwongo ni dhambi, na kula fedha iliyotolewa kwa kazi nyingine ni wizi. Lakini wazazi nao wana sehemu yao. Ikiwa mtoto anajua kwamba akileta habari mbaya atatukanwa mbele ya ukoo wote na kuitwa mchawi wa jasho la baba yake, atanyamaza. Bwana Yesu alisimulia habari za mwana aliyekwenda nchi ya mbali, akatapanya mali yote, akatamani maganda ya nguruwe. Akarudi kwa sababu moyoni alijua baba ni mtu wa namna gani. Naye baba alimwona angali mbali, akakimbia kumlaki. Kabla mashua haijaondoka, ni vizuri baba amwambie mwanawe waziwazi: Ukianguka, uniambie mimi kwanza. Maneno hayo machache yanafaa kuliko mashauri yote ya mjomba.

Na kijana asisahau kwamba nyumbani kuna watu wanaohesabu siku. Tobia alipotumwa na baba yake kipofu kwenda Rage, katika nchi ya Media, kudai talanta 10 za fedha, alipewa kwanza mashauri juu ya Mungu, juu ya sadaka, juu ya ndoa na juu ya kulipa mshahara wa mfanyakazi bila kukawia. Kisha akatafuta mwenzi wa safari, na mzee Tobiti, ingawa hakuona, alimhoji mwenzi yule juu ya ukoo wake; ndiye Malaika Rafaeli, naye hakujulikana. Hata mbwa wa nyumbani alifuatana nao. Mama yake, Ana, alilia, akasema fedha ile isingestahili kumtoa mwana. Njiani Tobia alioa, na arusi ikafanywa siku 14. Katikati ya furaha ile hakusahau. Alimtuma Rafaeli akachukue zile fedha mbele, kwa sababu alijua kwamba baba yake anahesabu siku, na kila siku inayozidi ni huzuni. Ana naye alitoka kila siku kutazama njia. Kijana mwenye simu mkononi, anayepeleka picha kwa rafiki 20 kwa siku na kukosa dakika 5 za kumpigia mama, hana udhuru aliokuwa nao Tobia.

Juu ya mwenzi wa safari yafaa kusema zaidi, maana si kila anayejitolea kumpeleka mtoto masomoni ni Rafaeli. Nchi hii ina kumbukumbu ya kale. Afonso, mfalme wa Kongo, aliyeitwa pia Mvemba a Nzinga, alipenda sana elimu, akawatuma vijana wa ukoo wake Ureno. Mwanawe Henrique alisoma huko, akateuliwa askofu mwaka 1518, akarudi Kongo mwaka 1521. Lakini mwaka 1539, mfalme akiwa mzee, habari zilimfikia kwamba vijana 10 wa jamaa yake, waliotumwa Ureno wafundishwe dini, wamepelekwa Brazili wawe watumwa. Waliondoka kwao wakiwa wanafunzi, mikononi mwa watu waliojiita Wakristo.

Leo pia wako wanaopita vijijini wakiahidi shule ng'ambo, chakula bure, na kazi baada ya masomo. Huko hakuna shule. Msichana anajikuta anatumikishwa katika nyumba, au pabaya zaidi. Basi kabla ya kutoa fedha, wazazi waulize jina la shule, waiombe barua ya kupokelewa, na wamwombe Padri au mwalimu awasaidie kuwasiliana na shule yenyewe, si na yule anayeahidi. Kijana asimkabidhi mtu pasipoti yake amtunzie. Mwenye haraka sana, anayesema kwamba nafasi itapotea kesho, aachwe aende na haraka yake.

Mkatekumeni anayesafiri ana jambo lake. Kuvuka mpaka hakufuti ukatekumeni wake, kwa sababu Kanisa ni moja. Aende kwa Padri kabla ya safari, apewe barua yenye jina lake, siku aliyopokelewa katika ukatekumeni na mafundisho aliyokwisha kuyapata, iwe na mhuri wa misioni. Jumapili ya kwanza huko aendako, baada ya Misa, aipeleke barua ile sakristia. Jumapili ya kwanza, si ya nne. Kwa maana Jumapili ya kwanza mgeni bado ana haya ya kukaa chumbani. Ya pili anafua nguo. Ya tatu amekwisha kupata rafiki wa kucheza mpira saa ya Misa. Na ya nne hakumbuki tena barua imo katika kitabu gani. Akiipeleka mapema, atapewa katekista, atajulikana jina, na siku asipoonekana kuna mtu atakayeuliza. Ndivyo macho ya kijiji yanavyomfuata mtu ugenini, akiyakaribisha.

Wazee wa ukingo wa Ziwa Tanganyika, huku Mpala na Moba, wanajua kwamba ng'ambo yao iko Karema. Hapo aliishi daktari katekista Adriano Atiman. Hakuwa mtu wa Karema. Alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu, katika miaka ya 1860. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Mapadri Weupe walipomkomboa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alifungua mwaka 1881 nyumba katika kisiwa cha Malta kwa vijana Waafrika waliokombolewa, wasome udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Hakutaka wageuzwe kuwa Wazungu. Alitaka mavazi, chakula na desturi zao njema visiwe vigeni kwao, ili wakifika kazini wasijitenge na watu. Si wote walioanza waliodumu. Atiman alimaliza, akaondoka mwaka 1888, akafika Karema mwaka 1889.

Mtu mwenye elimu ya namna ile, katika siku zile, angaliweza kudai mengi. Karema pia ilikuwa ugenini kwake; hapana aliyejua mama yake wala kijiji chake. Alioa huko, mkewe akiitwa Agnes, akafundisha dini, akafunga vidonda, akatembelea wagonjwa, akatibu wakubwa na wadogo kwa zaidi ya miaka 60. Mwanawe Yosefu alipata upadri mwaka 1923. Atiman alifariki mwaka 1956, mzee sana, katika misioni ileile aliyofikia akiwa kijana.

Wako wengine wanaorudi kwa namna nyingine. Anashuka garini, anamsalimu mama yake kwa lugha asiyoijua, anafunika pua akipita penye samaki wanaokaushwa, wale samaki waliolipa masomo yake. Anaombwa kumwandikia mzee barua ya kwenda hospitali, anasema amechoka. Watu wanamwita mheshimiwa mbele yake, na nyuma yake wanamwita jina lingine.

Maswali ya kujibiwa katika mafundisho ya juma hili:

Kwa nini Danieli alikubali kujifunza lugha ya Wakaldayo, na akakataa chakula cha mfalme? Mtaje jambo moja la ugenini ambalo ni geni tu, na jambo moja ambalo ni ovu.

Patrisi alimpa mwanawe nini, na alikosa kumpa nini?

Mkatekumeni anayekwenda kusoma nchi nyingine apate barua kwa nani, na aipeleke lini?

Kijana aliye masomoni anapiga simu, anasema: Baba, nimeanguka mtihani, na fedha ulizoniletea nimetumia nusu kwa mambo yasiyofaa. Mama analia, wajomba wamekasirika, na mbuzi amebaki mmoja. Baba atamjibu nini?